Bendi Yetu ya Saa Saba Mchana

Enzi zetu, ikifika saa saba mchana, Kakuma yote ilikuwa inalala. Jua lilipiga mabati mpaka yakawa yanalia yenyewe, ta, ta, ta, na mtu mzima yeyote mwenye akili alikuwa amejilaza kando ya ukuta wa udongo na kitenge chenye maji kifuani. Mbuzi walijibana chini ya gari bovu. Hata mbwa hawakubweka. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka saa ile. Watoto wa siku hizi hawawezi kuijua, kwa sababu feni ikizimika dakika tano tu wanapiga picha jasho lao na kuwatumia marafiki.

Ndiyo saa tuliyoanzisha bendi. Lakini kabla ya bendi kulikuwa na kanda moja iliyoharibika, na kanda hiyo ilikuwa Lodwar.

Mimi naitwa Akai. Nilizaliwa Lodwar, umbali mfupi tu kutoka mto Turkwel, na Baba alikuwa dereva wa lori. Tulicheza mpira wa matambara kwenye mchanga wa mto, tukaguguna makoma, yale matunda magumu ya mikoma, mpaka meno yakawa na rangi ya kutu, na jioni tukachapwa kwa sababu ya nguo zilizochanika. Siku moja fundi mzungu wa kuchimba visima, aliyekuwa anarudi kwao, akampa Baba katoni ya kanda za muziki. Baba akaziacha mbele ya kioo cha lori safari nzima kutoka Kalemng'orok. Jua likazipika. Zilipofika nyumbani, karibu zote zilikuwa zimejikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahaulika nje. Moja tu ilikubali kuzunguka kwenye redio yetu, nayo ilikuwa inayumba. Gitaa lilipanda, likateremka, likapotea kabisa, halafu likarudi limenona. Mwimbaji alisikika kama mtu anayeimba akiwa amezamishwa kwenye pipa la maji.

Hatukujua kwamba kanda ilikuwa mbovu. Tulidhani huko kwao ndivyo wanavyoimba. Mimi niliipenda kanda ile kuliko chakula. Nikitumwa maji nilikuwa napiga mdundo wake juu ya mtungi wa plastiki, nikienda na nikirudi, mpaka siku moja mtungi ukapasuka nikiwa bado njiani na maji yote yakanywewa na mchanga. Mama alinichapa, kisha akaniketisha chini na kunieleza kwa upole, jambo lililoniuma kuliko fimbo.

"Akai, sisi Waturkana hatuna ngoma," aliniambia. "Ngoma yetu ni miguu. Hayo unayopiga ni ya nani?"

Nilikuwa na miaka tisa.

Mwaka uliofuata Baba alipata kazi ya kuendesha lori la maji katika kambi ya wakimbizi, tukahamia Kakuma. Nyinyi mliosoma pale mnakumbuka madarasa yale: watoto wamebanana kama njugu kwenye gunia, wengine kwenye madawati, wengine kwenye mawe, wengine dirishani. Mwalimu alikuwa akiuliza swali kwa Kiingereza, tunaulizana maana yake kwa Kiswahili, mmoja anamnong'onezea mwenzake kwa Kisomali, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, na jibu likifika mbele limeshakuwa kitu kingine. Mchana tulikula mahindi na maharagwe ya shule. Nyumbani kwa rafiki mmoja ungepata sombe ya majani ya muhogo, kwa mwingine anjera na chai iliyojaa iliki, na kwetu maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Hakuna aliyeuliza kama chakula kile kina picha nzuri.

Kwenye darasa lile nilikaa nyuma ya Baraka, mtoto wa Kikongo, mwembamba, mwenye vidole virefu visivyotulia. Alikuwa amejitengenezea gitaa kwa ubao wa sanduku na nyaya za breki za baiskeli. Siku moja mwalimu alichelewa, Baraka akalitoa na kuanza kucheza polepole, na mimi bila kufikiri nikaanza kupiga dawati nyuma yake. Mdundo ulikuwa wa kanda ile. Akageuka kuniangalia kana kwamba nimemwita kwa jina ambalo mama yake peke yake analijua. Tukaendelea. Hatukumsikia mwalimu akiingia. Darasa zima tulichapwa viboko vinne vinne, na tulipotoka pale mimi na Baraka tulikuwa marafiki.

Mjomba wake Baraka alikuwa fundi wa redio. Jina lake Byamungu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kibanda chake kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo. Kwa kuchelewachelewa kibandani kwake tukajifunza mambo. Yeye ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye sumaku ya spika iliyokufa na kuubandika chini ya nyuzi, ili gitaa la ubao liweze kusema kupitia redio. Spika pekee aliyoweza kutupa ilikuwa imechanika. Baraka alipopiga wimbo wa kwanza, sauti iliyotoka haikuwa ya gitaa. Ilikuwa ya ng'ombe dume aliyekasirika ndani ya tangi. Nilimwambia fundi kwamba spika imeharibika. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema maneno ambayo bado nayashika.

"Haiharibike, mwanangu. Iko inalia tu. Muache ilie."

Wa tatu alikuwa Nuuro. Baba yake, Mzee Abdi, alikuwa na duka la unga, sukari na vitambaa katika soko la Wasomali, na kwenye rafu ya juu kulikuwa na kinanda kidogo cha betri ambacho hakuna aliyekinunua kwa miaka. Nuuro alikicheza wakati baba yake amelala. Alikuwa msichana mkimya, buibui lake daima safi hata siku ya tufani ya vumbi, na alikuwa na masikio ya ajabu. Betri zilipoanza kuisha, sauti za kile kinanda zilizama polepole kama mtu anayeshikwa na usingizi, na Nuuro alijua kuzisubiri. Alikuwa akiweka betri zilizokaribia kufa kwa makusudi.

Kwa hiyo tukawa watatu: Baraka na gitaa lake linalolia, Nuuro na kinanda kinachosinzia, na mimi na mitungi mitatu ya plastiki, sufuria iliyotoboka na karai. Tulifanyia mazoezi kwenye darasa tupu la mwisho, saa saba mchana, saa ambayo hakuna mtu mwenye nguvu za kuja kutufukuza. Bendi tukaiita Saa Saba.

Mara ya kwanza kucheza mbele ya watu ilikuwa siku ya kufunga shule. Niseme ukweli: tuliwatia watu hofu. Mama mmoja alibeba mtoto wake akaondoka anakimbia. Mgeni wa heshima aliinuka kabla ya wimbo kufika katikati, akidai kuwa simu inamwita, na enzi zile Kakuma hakukuwa na mtandao wa simu. Mzee mmoja wa mtaani alimuuliza Baba, kwa huruma kabisa, kama nimeshapelekwa hospitalini. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alitembea mbele yangu njia nzima, na nyumbani akasema hataki kusikia habari ya mitungi tena, ila kama imejaa maji. Mzee Abdi naye akakirudisha kinanda rafuni na kukifunga kwa kamba.

Hatukuacha. Tulijificha zaidi, basi. Nuuro alimsihi baba yake kwa mwaka mzima, akawa wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo, na Mzee Abdi akakubali. Alikifungua kinanda mwenyewe, akamwambia tu asipige nyimbo za kipuuzi na arudi kabla ya swala ya alasiri. Siku hizi kijana akikataliwa kitu mara moja anaandika mtandaoni kwamba wazazi wamemharibia ndoto. Nuuro aliandika mitihani.

Tulipomaliza sekondari, vijana wa Lodwar waliandaa siku ya vipaji uwanjani. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, orodha ya majina ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kambi, na jina la familia ya Baraka lilikuwamo. Walikuwa wanapelekwa Kanada. Mama yake alilia kwa furaha pale pale mbele ya ubao, majirani wakamkumbatia, na sisi watatu tukasimama pembeni tukitazamana. Miaka minane tulikuwa tumecheza kwa ajili ya kuta za darasa. Kama Baraka angeondoka hivyo, Saa Saba ingekuwa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, mchezo wa watoto tu.

Nuuro ndiye aliyesema. "Tutaenda Lodwar. Wakitufukuza, watufukuze mara moja, tujue."

Baraka na Nuuro walikuwa wakimbizi, kwa hiyo hawakuweza kutoka kambini bila kibali. Tulikwenda kukiomba. Karani aliuliza sababu ya safari, Baraka akamwambia ni muziki. Akauliza muziki gani. Baraka alijaribu kueleza, akapanda, akateremka, akatumia mikono, na yule karani akaandika neno moja: kwaya. Vibali vilitoka asubuhi ya siku yenyewe. Baba alikuwa ameshawasha lori. Tulipanda nyuma na vyombo vyetu, tukafika Lodwar tukiwa tumepakwa vumbi jekundu mpaka kope, na karai langu limepata tundu jipya.

Mtangazaji aliuliza kama tunaimba injili au utamaduni. Tulipomwambia hapana na hapana, alikuna kichwa, akatuweka kwenye nafasi ambayo hakuna aliyeitaka, saa saba mchana, wakati waheshimiwa wamekwenda kula na jua liko katikati ya utosi. Alituomba radhi kwa saa yenyewe. Sisi tulitazamana na Nuuro akaanza kucheka, mara ya kwanza nimemwona akicheka hadharani.

Tukaanza. Jenereta ilikuwa inakwenda kwa kusitasita na gitaa likayumba nayo. Watu waliokuwa juani wakahamia kwenye vivuli vya mbali, wengine wakaelekea lango. Vijana walipiga miluzi ya kutucheka. Mikono yangu ilianza kuchelewa. Ndipo nikamwona Mama. Alikuwa amekuja Lodwar siku mbili kabla, kumuuguza dada yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nitakuwa pale. Alikuja moja kwa moja kupitia katikati ya uwanja, shanga zake zote shingoni, wala hakutazama kushoto au kulia. Nilijua anakuja kuniteremsha. Nilijua pia kwamba akinigusa, bendi imekwisha.

Baraka alinitazama, akaniuliza kwa macho kama tuache. Nikatikisa kichwa. Niliacha kupiga mdundo wa kanda. Sijui kwa nini. Niliteremsha mkono nikapiga mtungi mkubwa peke yake, taratibu, dum, dum, dum, jinsi nilivyosikia watu wakiruka na kutua ardhini kwenye michezo ya harusi nilipokuwa mdogo, wote pamoja, mchanga ukitikisika chini ya tumbo langu nilipolala.

Mama alisimama mbele yangu, karibu sana, nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Alisikiliza. Kisha akainua kidevu na kuimba. Aliimba wimbo wa kumsifu ng'ombe dume wa kaka yake marehemu, dume jeusi lenye kiuno cheupe, wimbo ambao sikuwahi kumsikia akiuimba tangu tumzike mjomba kule Lokiriama. Akaruka. Alipotua, mdundo wangu ulikuwa pale unamsubiri.

Wanawake wawili wa makamo walitoka kivulini wakaja kusimama naye. Halafu wanne. Halafu sikuweza kuhesabu. Baraka aliacha wimbo aliokuwa anaupiga, akaanza kuikimbiza sauti ya Mama kwa gitaa lile la spika iliyochanika, likilia kama dume lenyewe, na Nuuro akaweka chini yao mlio mmoja mrefu unaozama na kuibuka. Vijana waliopiga miluzi wakaacha miluzi wakaruka. Vumbi likapanda hadi jua likawa jekundu. Wimbo ule mmoja ulichezwa mpaka waheshimiwa wakarudi kutoka kula, wakakuta viti vyao vimesukumwa na hakuna aliyejali. Mtangazaji alishika kipaza sauti, kisha akakiweka chini.

Ulipoisha, Mama alikuwa anahema. Alinishika sikio, kama zamani, lakini hakulivuta.

"Kumbe siku zote ulikuwa unatafuta miguu," alisema.

Baraka alikuwa amebakiwa na siku tisa. Tulirudi Kakuma, na fundi Byamungu akaleta kinasa sauti chake darasani. Tulirekodi nyimbo sita kwa siku moja, mchana, madirisha yamefungwa kwa magunia, na Mama ameketi kwenye dawati la mbele akiimba huku amefumba macho. Ukisikiliza vizuri wimbo wa nne utasikia mbuzi. Tulijaribu kumfukuza, akarudi, tukamwacha.

Kisha Baraka akaondoka. Nililia wiki nzima. Nuuro hakulia, alikwenda kwa fundi akatengeneza nakala. Tulimpa Baba, Baba akawapa madereva wenzake, na wao wakazipeleka walikopeleka mizigo. Miezi michache baadaye dereva mmoja alituambia amezisikia Kitale kwenye hoteli. Mwingine akazisikia Juba. Mchunga mifugo mmoja kutoka Kaikor alitembea mpaka kituo cha malori kuuliza ni nani yule mama anayeimba, kwa sababu anataka kumletea mbuzi. Alimleta kweli. Simu zilipoingia, nyimbo zikahamia kwenye kadi za simu, na hatukuwa na kampuni wala meneja, wala bango hata moja.

Kampuni moja ya Nairobi ilituita baadaye. Walitaka tusafishe sauti, tuondoe yule mbuzi na tuimbe Kiingereza. Nilimpigia Baraka. Kule Kanada alikuwa anafanya kazi ya kupakia masanduku na siku ya mapumziko anacheza gitaa la ubao mbele ya watu waliovaa makoti. Aliuliza swali moja tu: mbuzi wanataka kumwondoa kwa nini? Tukaiambia kampuni hapana, kwa adabu. Kanda ya pili tukaitoa wenyewe, na ya tatu, Baraka akituma sehemu yake kutoka kwenye baridi na sisi tukituma zetu kutoka kwenye moto.

Mwandishi mmoja wa ng'ambo alizisikia, akaandika kwamba sisi ni roki ya saikedeliki. Nilimsomea fundi Byamungu, akavua miwani, akauliza kama ugonjwa huo una dawa. Nikamweleza jinsi nilivyoelewa, kwamba ni muziki unaopinda, unaompeleka msikilizaji mbali huku amekaa. "Sasa ile ni Kakuma yote," akasema. Alifariki mwaka uliofuata, na jeneza lake lilisindikizwa na redio zote alizowahi kutengeneza, zimewashwa.

Tumecheza Kampala, tumecheza Nairobi, tumecheza Ulaya mbele ya watu wanaosimama kimya kama wako msibani halafu wanapiga makofi dakika kumi. Kijana mmoja kule alinifuata nyuma ya jukwaa kuniuliza tunatumia mashine gani kupata sauti ile. Nikamwambia jua. Aliandika.

Lakini ushindi wenyewe tuliupata nyumbani, mwaka jana, Baraka alipokuja na pasipoti yake ya Kanada na hakuomba kibali kwa mtu kwenda Lodwar. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya malori. Walikuja kutoka Kaikor, kutoka Kalemng'orok, kutoka Lokiriama, na wengine kutoka kambini, Wasomali, Wakongo, watu wa Juba, na kila mtu aliimba wimbo wa dume jeusi kwa matamshi yake. Mzee Abdi aliketi mstari wa mbele na fimbo yake, akigongagonga goti lake polepole. Mama sasa haruki. Alisimama katikati yetu akaimba, na maelfu ya miguu yakaruka kwa niaba yake. Tulipomaliza, mwanamke mmoja wa rika langu alinishika mkono, nikamtambua kuwa tulisoma naye. "Ejok, Akai," akanisalimia kwa Kiturkana. "Wewe unakumbuka sisi ilichapwa sababu yako?" Tukacheka mpaka machozi.

Siku hizi nafundisha muziki katika shule moja ya Kakuma. Kuna chumba maalumu, chenye ngoma za kweli zinazong'aa, magitaa mapya, spika nyeusi ndefu na ratiba ukutani. Watoto wanaingia kwa zamu na kuvua viatu. Wakitaka sauti ya gitaa letu wanabonyeza kitufe, na inatoka ile ile. Wanapiga vizuri, niseme haki, vizuri kuliko sisi tulivyopiga kwa miaka minane. Hakuna anayewachapa, na mama zao wanakuja kuwapiga picha. Nilipigania chumba kile mimi mwenyewe, na najivunia. Ila wakati mwingine kipindi kikiisha natoka, nasimama mlangoni kidogo nikiwasikiliza. Kila noti iko mahali pake. Na mimi, Mungu anisamehe, natamani kitu kimoja tu humo ndani kiharibike.